Kisima Tulichoificha Ramani

Nianze kwa kujisifu, maana nikinyamaza nani atanisifia? Katika ofisi ya ardhi pale Kiomboi, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, hakukuwa na mkono wa kuchora ramani kama mkono wangu. Wanaume watatu walinitangulia katika kazi ile na wote wakaondoka. Wawili walipunguzwa serikali ilipobana matumizi, wa tatu akaenda Singida mjini kuuza mitumba, akisema wino haumshibishi mtu. Nikabaki mimi, mwanamke, na meza ndefu yenye kioo juu, na kabati la chuma lililojaa ramani za zamani za milima yetu. Mkuu wangu wa kazi alizoea kuwaambia wageni, "Huyu binti akichora mto, vua viatu." Nilijifanya sisikii, lakini nilisikia, tena vizuri sana.

Ramani zile nilizipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Zilipimwa enzi za ukoloni, wakati machimbo ya dhahabu ya upande wa Sekenke yalipokuwa yamechangamka. Zilikuwa za karatasi nene iliyobandikwa kitambaa kwa nyuma, na rangi yake ilikuwa imegeuka kuwa ya chai ya maziwa. Mistari ya kahawia ya kontua ilizunguka vilima, ikienda ikibanana kwenye mteremko mkubwa mpaka unaona kabisa kwamba hapo mbuzi akiteleza, umemkosa. Mashimo ya wachimbaji yalikuwa na alama yake, njia za miguu zilikuwa vitone vyeusi, na maji, popote yalipokuwa, yaliwekwa kwa bluu. Kazi yangu ilikuwa kutandika karatasi angavu juu ya ramani na kufuatisha kila mstari kwa kalamu ya wino. Ukikosea unakwangua kwa wembe, polepole, huku umebana pumzi. Wenzangu walimaliza pakiti ya nyembe kwa mwezi. Mimi wembe mmoja ulinitosha mwaka mzima.

Ruksa ilipoingia, watu wa madini nao wakaingia. Kila wiki gari jipya lilisimama nje ya ofisi, akashuka mtu mwenye kofia na bahasha kubwa. Asubuhi moja mkuu aliweka mezani kwangu ombi la kampuni moja ngeni iliyotaka leseni ya kutafuta dhahabu. Nilitakiwa kunakili mipaka yao juu ya ramani ya zamani, nakala nne, kwa ajili ya kikao cha ardhi kitakachokaa baada ya wiki mbili. Nikachovya kalamu, nikaanza kufuata mstari wao mwekundu. Nilipofika kona ya tatu mkono ulisimama wenyewe, kwa sababu ulikuwa mlima wetu.

Niliusoma mstari ule mara tatu. Uliziacha nje nyumba zetu, chini kwenye tambarare. Ukakiacha nje kisima cha magadi, ambacho kwenye ramani kina kidoto cha bluu na maneno "maji ya chumvi". Halafu ukapanda, ukapinda, ukameza korongo lote lililo juu ya kijiji. Ndani ya korongo hilo, chini ya jabali, kuna kisima chetu cha maji matamu. Kiangazi chote cha Iramba, ambacho hakina huruma, watu wa kwetu na mifugo yao, inayonyweshwa nyumbani kwa ndoo, wanaishi kwa kisima hicho kimoja. Kwenye ramani hapakuwa na kitu pale. Palikuwa na kontua za kahawia tu, zimebanana.

Pengo hilo nililifahamu tangu mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilidhani wapimaji walipitiwa, nikawa nawacheka kimoyomoyo, Wazungu wazima na miwani yao. Siku hiyo sikucheka. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu, hata mlango sikubisha.

"Mkuu, humu ndani kuna kisima cha watu."

Akaitazama ramani. "Sikioni."

"Hakijachorwa. Lakini kipo, mimi nimekua nikinywa maji yake."

Alikuwa mtu wa haki yule mzee, ila alikuwa mkavu. "Kama kuna maji ya watu, mstari utapinda, sheria ndivyo inavyotaka. Lakini niletee kwenye karatasi, kimepimwa, nami nitakuja kukiona kwa macho yangu pamoja na mtu wa kampuni. Maneno yako siwezi kuyapiga muhuri, binti."

Nikaomba likizo ya siku saba. Nilichukua nakala ya ramani yenye mstari mwekundu, dira ya ofisi, vijiti vya chuma na mnyororo wa kupimia ambao haukuwa umeguswa kwa miaka, nikapanda lori la vitunguu lililokuwa likirudi tupu.

Baba nilimkuta chini ya ukingo wa paa akichonga mpini wa jembe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza habari za kazi, za njiani, za afya, moja baada ya nyingine bila haraka, maana kwa baba salamu hairukwi hata nyumba ikiungua. Mama akaleta maji. Nikayanywa nikiwa najua yanatoka wapi.

Nilipotandaza ile ramani juu ya ngozi ya ng'ombe, baba alitupa mpini pembeni. Hajui kusoma, baba yangu, lakini ramani ile aliijua. Ujanani alimshikia mnyororo mpimaji wa Kizungu miezi mitano, alipanda naye kila kilele. Kidole chake kikaenda bila kubabaika: hapa nguzo ya zege ya wapimaji, hapa mto mkavu, hapa tulipopiga kambi ikanyesha. Kisha kikafika kwenye kidoto cha bluu cha kisima cha magadi. Baba akacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Kipo!" akasema. "Mpaka leo kipo! Loo, niliwaweza, niliwaweza kweli kweli!"

"Uliwaweza nani, baba?"

Ndipo akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mpimaji alipofika kwetu alitaka kuonyeshwa maji. Mlima wa pili kulikuwa na machimbo, na machimbo yale yalikuwa yamewanyang'anya majirani kisima chao, wakaweka bomba na mlinzi. Wazee wa kwetu wakakaa. Wakamwambia baba, kwa kuwa ndiye aliyetembea na Mzungu, ampeleke kwenye maji ya magadi ambayo hata punda anayanusa kwanza. Usiku ule kisima cha korongoni kikafunikwa kwa bamba la jiwe na matawi ya miiba. Mpimaji alionja magadi, akatema, akaandika. Baba alisimama pembeni na mnyororo begani, uso mkavu kama hakuna kitu.

"Walipita juu yake, mwanangu! Mzungu alikaa juu ya lile jiwe akala mkate!"

Nakiri kwamba nilimwonea baba fahari. Kijana asiyejua herufi moja aliilisha ramani ya serikali uongo, na uongo ukapigwa chapa, ukakaa miaka arobaini kwenye makabati. Ofisini tuliufuatisha kwa adabu, mimi nikiwa wa kwanza. Lakini mstari mwekundu ulikuwepo, nami nikamwonyesha. Nikamweleza polepole kwamba watu wa kampuni wanaitumia ramani hiyohiyo. Kwa sababu inasema korongoni hakuna maji, wanaomba wapewe korongo lote. Wakipewa watazungushia uzio.

Baba akasema, "Wakija tutakifunika tena."

"Baba, hawa hawali mkate na kuondoka! Hawa wanakuja na mashine. Dawa ni moja, tukipime, kiingie kwenye ramani."

"Ng'o!" Alisimama. "Kisima kile mgeni hakijui. Mgeni anapewa maji ya kunywa, ya kuoga, ya punda wake, kisima haonyeshwi. Mimi niliwaapia wazee waliokufa. Leo nikichore mimi mwenyewe?"

Hapo nikapandwa na hasira. Ninazo hasira, sijifichi, nimezirithi kwake huyohuyo. Nikamwambia maneno ambayo binti hamwambii baba yake: kwamba anaupenda uongo wake wa ujana kuliko wajukuu wake, kwamba watakapokufa kiu atawasimulia alivyomweza Mzungu. Mama alishika mdomo. Baba alichukua fimbo yake akatoka, na jua lilizama bila yeye kurudi. Niliona aibu kali sana, lakini sikuona kwamba nimekosea.

Alfajiri nilimkuta uani, amevaa viatu. Mnyororo wangu alikuwa ameutoa kwenye gunia, amekaa anaupaka mafuta ya ng'ombe kiungo kwa kiungo. Nikapiga goti kuomba radhi. Akanikatiza.

"Nimekwenda kwa wazee waliobaki. Ni wawili tu. Wamesema ahadi ilikuwa kulinda maji, haikuwa kulinda maneno." Akauinua mnyororo, akauchungulia. "Nani aliyeutunza huu? Una kutu kama kufuli la kanisa. Twende."

Tulianzia kwenye nguzo ya zege kileleni, kwa sababu hiyo ipo kwenye ramani na mahali pake panajulikana. Kutoka hapo tulikuwa tushuke mpaka korongoni, nikisoma dira na yeye akivuta mnyororo. Nilisomea upimaji mwaka mzima chuoni. Kufika mnyororo wa tano nikagundua kwamba sijui kitu.

"Inua!" baba alifoka kutoka chini. "Unapima mgongo wa mlima wewe? Inua mpaka unyooke, udondoshe kijiwe! Ramani haina mteremko, ramani ni bapa!"

Nikainua. Alikuwa sahihi, kwenye mteremko unashika mnyororo ukiwa umelala sawa hewani, kisha unadondosha kijiwe kutoka mkononi kujua ulipoishia ardhini. Nililisoma hilo kwenye kitabu, lakini yeye lilikuwa kwenye mabega yake. Kila mnyororo mmoja alihamisha kokoto kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia, na nilipopoteza hesabu, yeye hakupoteza. Wanaume wa kijiji walikuja kutazama, wakaishia kukata miiba mbele yetu. Mzee yule wa miaka sitini na kitu alishuka majabali yale akinitukania utaratibu wangu, na sijawahi kufurahi kutukanwa namna ile. Siku ya pili, saa nane mchana, kijiti cha mwisho tulikichomeka pembeni ya jabali. Baba alitoa kokoto zote akazihesabu mbele yangu mara mbili, kisha akasema, "Andika."

Nilirudi Kiomboi nikachora. Nusu siku niliitumia kutafuta wino wa bluu, maana chupa ya ofisi ilikuwa imekauka kama udongo, nikaishia kuupata kwa mwalimu mmoja wa sekondari. Nikaweka kidoto. Nikaandika "maji matamu", herufi ndogo, zimelala kidogo kulia kama herufi za wale wapimaji wa zamani. Nikasema moyoni, haya, tuone sasa.

Mkuu alitimiza ahadi. Alikuja na mpimaji wa kampuni, kijana mtanashati wa kutoka Dar es Salaam, aliyesoma kweli. Nilikataa kuwaongoza. Niliwapa ramani yangu na dira, nikawaambia wakitafute wenyewe kutoka kwenye nguzo, na sisi tutafuata nyuma. Kijiji kizima kilifuata, wanawake na ndoo zao, baba mbele yao. Yule kijana alihesabu, akageuka, akashuka, akahesabu tena. Akasimama mbele ya jabali, akaangalia chini ya miguu yake, na pale palikuwa na kisima.

"Hatua tatu," akasema. "Umekosea kwa hatua tatu tu." Sauti yake ilikuwa na heshima. Mimi nilivimba kichwa. Baba alikohoa akatazama mawinguni, kama mtu asiyehusika.

Lakini yule kijana alikuwa na macho. Alizunguka jabali, akatazama huku na huku, uso ukambadilika. "Mkuu," akasema, "njia iko wapi?"

"Njia gani?"

"Kijiji kizima kinateka hapa, miaka na miaka, kila siku. Njia ya kuja hapa ingekuwa imechimbika kama mfereji. Hapa nyasi zimesimama. Tazama, hakuna njia hata moja. Kisima hiki kimechimbwa juzi, baada ya kusikia habari za leseni."

Mkuu akanigeukia. Alichosema kijana kilikuwa kweli, nami sikuwa nimekifikiria hata mara moja. Mimi! Mchoraji ramani mzima, niliyechora vitone vya njia za miguu maelfu na maelfu. Kwetu kisima hakina njia. Nilikua hivyo, nikaona ndivyo dunia ilivyo.

Baba aliinamisha kichwa, maana amri ya kufuta njia ilikuwa yake na wazee.

Aliyejibu alikuwa mama. Mama yangu hakuwahi kuzungumza mbele ya mtu wa ofisi, hata mkutano wa kijiji alikaa nyuma. Alitua ndoo yake akasogea mpaka mbele ya yule kijana.

"Mwanangu, unatafuta njia? Njia tulikatazwa." Sauti yake haikutetemeka. "Nimeolewa hapa nikiwa msichana. Siku ya kwanza nimetumwa maji nikaambiwa, usikanyage alipokanyaga mwenzako. Leo pitia kwenye mawe, kesho pitia mtoni, keshokutwa zunguka mlima. Wa mwisho anaburuta tawi nyuma yake, anafuta. Sisi wanawake wote hawa. Na mimba, na watoto mgongoni, na ndoo kichwani, tunazunguka. Ili mgeni asione njia. Na wewe ni mgeni, hukuiona."

Kisha akamshika yule kijana mkono, mtanashati yule wa watu, akamvuta kama anavyovutwa mtoto, akamkalisha kwenye ukingo wa kisima. Akakichukua kidole chake akakiweka juu ya jiwe.

"Kamba zetu hatukuweza kuzifuta," akasema.

Jiwe la ukingo lilikuwa limekatwa na kamba za kutekea. Mifereji saba, minane, laini kama ndani ya chungu, mmoja ukiwa na kina cha kidole kizima. Yule kijana aliingiza kidole mpaka kikaishia. Mkuu wangu naye aliinama, akaingiza chake kwenye mfereji wa pembeni, mzee mkavu yule.

Kijana akavua kofia. "Shikamoo, mama," akasema. Nadhani ndipo kwanza alipomwona. Akatoa penseli mfukoni, akaomba ramani yangu, na mstari mwekundu wa kampuni yake akaupinda yeye mwenyewe, ukaliacha nje korongo lote, ukarudi mlimani. Akaandika jina lake pembeni. Mkuu akaandika lake chini yake, na kikao kilipokaa, hakuna aliyebisha.

Pale korongoni kelele zilizuka, vigelegele, watu wakimpongeza baba, wakinipongeza mimi. Nilizipokea pongezi zote, sikurudisha hata moja. Katikati ya kelele hizo mama alitumbukiza ndoo yake, akavuta, akaijaza, akajitwisha. Kisha akaanza kushuka. Hakwenda kwenye mawe. Hakwenda mtoni. Alikata nyasi katikati, amenyooka, kuelekea paa la nyumba yake lililoonekana pale chini.

Baba alishtuka kwa mazoea. "Mama watoto! Unapita wapi huko?"

"Nakwenda nyumbani," mama akasema, bila kugeuka.

Wanawake wengine walikuwa wanamtazama baba. Kisha mmoja akajitwisha akaingia kwenye nyasi zilizolala, akakanyaga alipokanyaga mama, na mwingine nyuma yake, na mwingine. Nikamnyang'anya yule kijana penseli. Nikaweka ramani juu ya goti, nikaanzia kwenye kidoto cha bluu, na kwa kadiri mama yangu alivyoshuka nami nikashuka naye, kitone kwa kitone, mpaka mlangoni kwake.